Mania ikianza kupanda: familia ifanye nini siku za kwanza? (Kisumu)

Mhudumu_Kolwa

Habari zenu nyote. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa Kolwa, Kisumu. Kwenye boma mojawapo ninalotembelea kuna kijana mwenye bipola, ugonjwa wa akili ambao moyo hupanda kupita kiasi (ndiyo mania) na nyakati nyingine hushuka sana. Anaendesha bodaboda na anameza lithiamu, dawa ya kutuliza hali hiyo. Sasa hivi yuko sawa, na yeye mwenyewe ndiye ametaka tuandike mpango wa nyumbani pamoja na mama yake na mkewe kabla mania haijarudi.

Naomba mnisaidie na mambo ya kushikika, si "mpeleke hospitali akizidiwa" peke yake. Kwanza, watu wa nyumbani watatofautishaje furaha ya kawaida na mania inayoanza? Pili, siku mbili za kwanza wafanye nini hasa? Tatu, huku kwetu malaria haiishi, na nimesikia lithiamu na homa haviendi pamoja. Ni kweli?

---

KO_Saikiatria (Kakamega)

Mhudumu, mmeanza wakati ufaao. Mania huondoa mapema sana uwezo wa mtu kuona kwamba anaumwa. Anayepanda hajisikii mgonjwa hata kidogo, anajisikia amepona kuliko siku zote. Kwa hiyo mpango unaongoja yeye aseme "naona naanza kupanda" hautafanya kazi. Uandikeni ufuate hesabu ambayo mtu yeyote nyumbani anaweza kuifanya, na hesabu ya kwanza ni ya usingizi.

Msimuulize "unajisikiaje?" Muulizeni alilala saa ngapi, akaamka saa ngapi, na mchana alisinzia au la. Aliyekoseshwa usingizi na mbu, joto au deni huamka amechoka na macho mazito. Anayepanda hulala masaa matatu au manne akaamka na nguvu tele, hasinzii mchana, na usiku unaofuata analala machache zaidi. Kupungukiwa na usingizi bila kuchoka ndiko kunakotenganisha mania na furaha. Mtu aliyepata mtoto au aliyelipwa pesa nzuri hufurahi, lakini baada ya kesha ya furaha hiyo mwili hudai usingizi wake.

Kipimo cha madaktari ni hiki: furaha iliyopita kiasi au hasira za karibu, pamoja na nguvu zilizozidi, karibu siku nzima kwa wiki 1, au muda wowote kama imebidi alazwe. Juu ya hapo ziwepo dalili 3 kati ya 7: kujiona mkuu, kulala kidogo, kuongea bila kituo, mawazo kukimbizana, kuvutwa na kila kitu, kutotulia au kuanzisha shughuli nyingi, na kujitosa kwenye mambo ya hatari kama matumizi ya pesa, ngono au mwendo wa kasi. Ikiwa ni hasira tupu bila furaha, zinatakiwa 4. Watu wengi husahau mania ya hasira, wakadhani kijana amekuwa mkorofi tu. Haipomania ni dalili hizo hizo kwa siku 4 au zaidi, ila hazijamvuruga kazi na nyumba. Lakini hicho ni kipimo cha kuupa ugonjwa jina. Ninyi mkingoja wiki iishe mtakuwa mmechelewa.

Kwa hiyo tafuteni dalili zake yeye. Kaeni watatu, yeye, mama na mke, kila mmoja aandike kivyake alichokiona wiki mbili kabla ya mara ya mwisho kulazwa. Halafu mlinganishe. Chagueni 3 zinazoonekana kwa macho na kuhesabika. "Anakuwa na kiburi" haifai, kwa sababu ni hukumu na itazua ugomvi. "Amepigia simu jamaa zaidi ya watano baada ya saa nne usiku" inafaa. "Amebeba abiria bure siku nzima", "ameanza biashara mbili mpya wiki moja", "amenunua simu ya pili", hizo zinafaa. Mara nyingi dalili hazibadiliki sana kutoka kipindi kimoja hadi kingine kwa mtu yule yule, ndiyo maana zoezi hili lina faida. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 1999 ulifundisha wagonjwa kutambua dalili zao za mwanzo na kutafuta matibabu haraka. Ilichukua wiki 65 kabla robo ya waliofundishwa kurudiwa na mania, lakini wiki 17 tu kwa robo ya wasiofundishwa.

Nunueni daftari la kurasa 96. Kila asubuhi mstari mmoja: masaa aliyolala, hali ya moyo kuanzia -5 (chini kabisa) hadi +5 (juu kabisa), dawa amemeza au hakumeza. Mke aandike masaa kivyake, bila kutazama aliyoandika mumewe.

Sasa hatua zenyewe. Usiku mmoja chini ya masaa 5 bila kuchoka mchana, pamoja na dalili moja kati ya zile 3: siku hiyo hiyo jioni yote inafutwa, hakuna kahawa wala chai ya rangi baada ya saa sita mchana, hakuna vinywaji vya nguvu, miraa, muguka, bangi wala pombe. Arudi nyumbani saa kumi na mbili jioni. Taa, televisheni na simu zizimwe saa tatu usiku, simu ilale chumba kingine. Abaki kitandani gizani hata kama macho yako wazi. Giza lenyewe lina kazi. Kuna utafiti wa Norwei wa 2016 ambapo wagonjwa waliolazwa na mania walivaa miwani ya rangi ya chungwa inayozuia mwanga wa buluu, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi, kwa siku 7. Walipungua dalili kuliko waliopewa miwani ya kawaida, na waliendelea na dawa zao kama kawaida. Miwani si lazima. Pazia zito na simu iliyozimwa ni mwanzo mzuri.

Usiku wa pili ukiwa vile vile: kliniki ipigiwe simu asubuhi hiyo, isingojwe tarehe ya kadi. Hapo ndipo dawa ya akiba inapotumika, kama daktari ameiandika mapema. Mwombeni safari ijayo ya kliniki. Mara nyingi ni dawa kama olanzapini usiku kwa siku chache. Jina, kiasi na idadi ya siku viandikwe na daktari kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Msichukue dawa ya jirani. Na kama anameza dawa ya dipresheni, kliniki iambiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kumpandisha zaidi na kwa kawaida husimamishwa.

Usiku wa tatu, au wakati wowote akisikia sauti, akiamini ana uwezo wa ajabu, akiacha kula na kunywa, akitishia mtu au akisema anataka kufa: ni hospitali leo. Wako wanaochanganya nguvu za mania na huzuni nzito kwa wakati mmoja, na hao ni wa kuogopewa sana, kwa sababu wana mawazo ya kujiua na nguvu za kuyatekeleza. Asiachwe peke yake hata dakika moja.

Jambo la mwisho, na tafadhali litiliwe mstari. Mwenye mania kwa kawaida anajua yuko wapi, na leo ni siku gani. Akiwa na joto la mwili, hajui alipo, au fahamu zinakuja na kupotea, hiyo si mania mpaka ithibitishwe. Huenda ni malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, au lithiamu imezidi mwilini. Akimbizwe idara ya dharura, si kliniki ya akili.

---

Mfamasia_Nakuru

Nakuja kwenye swali la tatu. Ni kweli, ila tatizo si malaria yenyewe. Ni maji na chumvi kupotea. Lithiamu hutolewa na figo, na figo huishughulikia karibu kama chumvi. Mtu akitoka jasho jingi, akitapika au akihara, mwili unang'ang'ania chumvi na unang'ang'ania lithiamu pamoja nayo. Dozi ile ile aliyoizoea inageuka sumu.

Kiwango cha kawaida cha kumweka mtu sawa ni 0.6 hadi 0.8 milimoli za lithiamu kwa lita ya damu. Wakati wa kutuliza mania yenyewe hupandishwa hadi 0.8 au 1.0. Kufika 1.5 ni hatari. Mnaona nafasi ilivyo finyu.

Kwa hiyo akishikwa na homa, kutapika au kuhara: asimeze dozi inayofuata, anywe maji na maji ya chumvi na sukari ya ORS, apigie kliniki siku hiyo, na apimwe kiwango cha lithiamu na figo. Kutetemeka kidogo kwa vidole ni jambo la kawaida kwa wanaoimeza. Dalili za sumu ni mtetemo mkubwa unaomwaga chai kikombeni, kutapika, kuhara, kuyumba kama mlevi, ulimi mzito, na usingizi usio wa kawaida. Zikitokea, aende hospitali bila kungoja homa ishuke, maana huenda akahitaji dripu.

Dawa za maumivu: parasetamoli ndiyo yake. Ibuprofeni na diklofenaki zinapandisha lithiamu, nazo ndizo zinazouzwa kwenye kila duka la dawa kwa mtu mwenye mgongo unaouma. Mwendesha bodaboda atazikuta kila wiki. Dawa za presha kama enalaprili, losartani na haidroklorothiazaidi zinafanya vivyo hivyo. Metronidazoli, ambayo watu hununua wakihara, inaweza kuipandisha pia, na kuhara kwenyewe kumeshaipandisha. Aandike "NAMEZA LITHIAMU" kwenye karatasi ndani ya pochi, aionyeshe kila dukani.

Upande wa pili kuna dawa zinazoweza kuamsha mania yenyewe: predinisoloni anayopewa mtu wa pumu, na zile za mafua zenye sudoefedrini.

Chumvi asiipunguze ghafla hata akishauriwa kwa ajili ya presha, mpaka kliniki ijue. Maji lita 2 hadi 3 kwa siku, na jua la Kisumu likiwaka juu ya pikipiki aongeze. Akitaka kufunga saumu, azungumze kwanza na daktari.

Kipimo cha damu huharibika mara nyingi kwa sababu mbili ndogo. Damu itolewe masaa 12 baada ya dozi ya mwisho. Akimeza saa tatu usiku, itolewe saa tatu asubuhi, na kama ana dozi ya asubuhi aimeze baada ya kutolewa damu. Ikitolewa mapema, namba itakuwa juu kwa uongo na dozi itapunguzwa bure. Pili, isiwekwe kwenye chupa yenye kifuniko cha kijani. Nyingi ya hizo zina heparini ya lithiamu ndani yake, kwa hiyo mashine itapima chupa. Mwulize wa maabara kwa heshima: "Samahani, hii ni ya kupima lithiamu, naomba chupa isiyo na heparini." Kipimo kinafanywa siku 5 hadi 7 baada ya kuanza au kubadilisha dozi, halafu kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza. Figo, tezi ya shingo na kalsiamu kila miezi 6.

Dozi ikisahaulika, asimeze mbili kwa pamoja. Na asiache ghafla kwa sababu anajisikia mzima. Lithiamu ikikatwa mara moja, mania hurudi upesi. Ikibidi kuachwa, hupunguzwa polepole kwa wiki 4 angalau, na bora miezi 3.

---

Tunaishi_nayo_Nyalenda

Daktari na mfamasia wamegusa mengi. Nitasema yale ambayo kliniki haiyaoni.

Huku kwetu usiku ndio unaoponza watu. Matanga ya siku tatu nne na muziki hadi asubuhi, kesha za kanisani, zamu za usiku stejini. Mpango ukisema "asiende matanga" hautafuatwa, na kumnyima mtu kumzika jamaa yake ni kumtenga na watu wake. Andikeni hivi: ataenda mchana, saa tatu usiku atakuwa kitandani kwenye nyumba iliyopangwa mapema mbali na spika, na dawa ziko mfukoni mwa mke, si kwenye begi lililobaki Kisumu. Mchungaji aambiwe mapema pia. Maombi ya mchana yana thamani ile ile, na mchungaji akilisema hilo yeye mwenyewe, kijana atalisikia kuliko akiambiwa na mama.

Zamu za usiku kwa bodaboda ziachwe moja kwa moja. Mwenyekiti wa steji akielezwa, atasaidia.

Pesa. Mania hula akiba ya miaka kwa siku chache, na siku hizi simu imerahisisha mambo mno: Fuliza (mkopo wa M-Pesa), mikopo ya programu, kamari. Akiwa mzima ajiondoe Fuliza, afute programu za mikopo, na akiba ihamie Sacco au akaunti ya sahihi mbili ili isitoke usiku wa manane. Kwenye M-Pesa abaki na ya matumizi tu. Logbuku ya pikipiki na hati ya shamba zikae kwa mjomba au shangazi anayeaminika, na karatasi iandikwe na kusainiwa na yeye mwenyewe: "Nikianza kudai hati hizi usiku au kwa hasira, msinipe kabla ya siku 14." Kanuni nyingine inayosaidia: kitu chochote cha zaidi ya shilingi 3,000 kinangoja kulala usiku mara mbili na watu wawili wakubali. Kiasi chagueni wenyewe.

Funguo za pikipiki zitolewe ile hatua ya kwanza kabisa, si ya tatu. Hili najua litauma kwa sababu ndiyo riziki. Kubalianeni sasa nani ataendesha siku hizo ili hesabu ya mwenye pikipiki isikwame. Bila hilo, mke mwenyewe atasita kuzichukua.

Kuhusu maneno: mtu mmoja tu ndiye aseme, na amchague yeye. Sentensi fupi. "Umelala masaa matatu jana na matatu juzi. Tulikubaliana namba hii." Msibishane na mipango yake mikubwa wala msiikubali. Semeni, "Tutaiongea Ijumaa." Watu sita wakimzunguka na kumwambia ameanza tena, atapanda zaidi.

Na chakula. Anayepanda haketi kula. Mayai ya kuchemsha, ndizi, viazi vitamu, chapati iliyokunjwa, vitu vya kushika mkononi akitembea, na chupa ya maji kila mara. Kwa mwenye lithiamu maji hayo ni sehemu ya tiba, kama mfamasia alivyoeleza.

---

Mhudumu_Kolwa

Asanteni sana, nimeandika yote. Nina maswali mawili tu. Akikataa kabisa kwenda, na amezidi, tufanyeje? Mara iliyopita majirani walimfunga kamba. Pia kuna mama mmoja kijijini mwenye bipola, ana kijiti cha uzazi wa mpango mkononi na anatumia ARV. Ameandikiwa karbamazepini wiki hii. Kuna shida?

---

Nesi_Akili_Eldoret

Najibu la kwanza. Kamba hapana. Kamba hukata mzunguko wa damu, na mtu aliyelazwa kifudifudi akikandamizwa mgongoni anaweza kufa kwa kukosa pumzi. Zaidi ya hayo, mara ijayo atakimbia mapema.

Nendeni watu wawili au watatu anaowaheshimu, mchana, si usiku. Redio izimwe, watoto wapelekwe kwa jirani, panga na jembe viondolewe kabla ya kuanza kuongea. Simameni pembeni, hatua mbili kutoka kwake, na mlango ubaki wazi, njia ya kutoka isizibwe kwake wala kwenu. Mpeni chaguo la kweli: "Twende sasa au baada ya chai? Ukae mbele au nyuma?" Msimdanganye kwamba mnaenda sokoni. Gari lenye milango liwe limeshapangwa na dereva ajue; pikipiki haifai. Kisumu mtaenda hospitali ya rufaa ya JOOTRH, ile tunayoiita Russia. Mkiwa upande wa Nakuru kuna hospitali ya Gilgil, na huku kwetu Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya MTRH. Bebeni kitambulisho, daftari lile, na pakiti zote za dawa hata zilizoisha. Michango ya SHA, bima ya afya ya serikali, iwe imelipwa, maana siku ya dharura si siku ya kuanza kujisajili. Mkikwama na mnahitaji mtu wa kuongea naye, nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hailipishwi.

Akiwa hatari kwake au kwa wengine na bado anakataa, Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, inaruhusu alazwe bila hiari yake, kwa masharti: jamaa anaomba, daktari anampima. Chifu anaweza kuwasaidia kufika, lakini uamuzi ni wa hospitali.

Akipewa sindano ya haloperidoli, waelezeni nyumbani kabla hawajaona. Katika siku za kwanza, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda, macho kugeuka juu, taya kukaza. Familia nyingi hudhani ni mapepo na kumtoa wodini. Ni athari ya dawa, na sindano ya promethazini au kidonge cha benzeksoli huilegeza haraka. Akirudi nyumbani na dawa mpya za usiku, asiguse pikipiki mpaka kliniki imruhusu, kwa sababu asubuhi bado anasinzia.

Na wiki zinazofuata msilegeze macho. Baada ya mania wengi hushuka. Wanaamka, wanaona madeni, wanakumbuka waliyoyasema. Hatari ya kujiua iko hapo. Habari za deni zisubiri, dawa zikae kwa mama na zitolewe za wiki moja moja, na kliniki imwone ndani ya siku 7 baada ya kutoka wodini.

---

Mfamasia_Nakuru

La pili: ndiyo, kuna shida, na ni kubwa. Karbamazepini huamsha vimeng'enya vya ini vinavyomaliza homoni upesi, kwa hiyo kijiti na vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kushindwa. Koili ya shaba haiguswi na hilo, na sindano ya miezi mitatu pia hubaki salama. Kwa upande wa ARV, karbamazepini inashusha dolutegraviri. Anayetumia zote mbili huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na kliniki ya ARV ndiyo iandike hivyo. Inapunguza nguvu ya dawa ya malaria ya AL pia, kwa hiyo homa isiyoshuka baada ya siku 3 irudishwe kupimwa.

Asiache karbamazepini mwenyewe kwa hofu. Atumie kondomu kuanzia leo, na aende kliniki zote mbili wiki hii na pakiti mkononi. Wasije wakambadilishia kuwa valproeti kwa haraka: kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, valproeti ina hatari ya karibu mtoto 1 kati ya 10 kuzaliwa na kasoro, ikiwemo ya uti wa mgongo, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 kuchelewa kukua kiakili. Aulize kuhusu olanzapini au kwetiapini, na kama anafikiria kupata mtoto, aseme hivyo waziwazi akiwa kliniki.